Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kula ukiwa na IBS, na nyuzinyuzi katika chakula cha Uganda

Ukurasa huu ni kwa wasomaji wa Kiswahili walioko Uganda, iwe Kampala, Bombo, Busia, Arua au Nakivale, wanaokula chakula cha hapa na kununua sokoni. Maswali ni yale yale yanayorudi kila mara. Soma unayoyahitaji, si lazima ufuate mpangilio. Ila swali la dalili za hatari usiliruke.

## Kwanza tuelewane

IBS ni ugonjwa gani hasa?

Ni hali ya matumbo yanayochokozeka upesi. Ukipimwa, utumbo unaonekana mzima: hakuna kidonda, hakuna uvimbe, hakuna mdudu. Kasoro iko katika namna utumbo unavyosukuma chakula na namna mishipa ya fahamu ya tumboni inavyopelekeana habari na ubongo. Gesi ambayo mwenzako hata haisikii, wewe inakukunja. Kwa hiyo maumivu ni ya kweli, wala hayako kichwani tu, ingawa wasiwasi na kukosa usingizi huyazidisha.

Madaktari wengi hufuata vigezo vya Roma, toleo la nne la mwaka 2016. Tumbo liwe linauma walau siku 1 kwa wiki kwa wastani katika miezi 3 iliyopita, na shida iwe ilianza miezi 6 au zaidi nyuma. Maumivu hayo yafuatane na mambo mawili kati ya haya matatu: yanapungua au kuzidi unapokwenda haja, idadi ya kwenda choo imebadilika, au choo chenyewe kimebadilika sura.

Kuna wanaofunga choo, kuna wanaohara, na kuna wanaopata vyote kwa zamu. Jua wewe ni wa kundi gani, maana ushauri wa chakula hautakuwa mmoja.

Mbona kila mwaka naambiwa ni amiba, taifodi au vidonda vya tumbo?

Kwa sababu magonjwa hayo yapo kweli na dalili zinafanana, na kwa sababu kliniki ndogo nyingi zina vipimo vichache. Kipimo cha damu cha Widal, kinachotumiwa sana kutafuta taifodi, huweza kusema ndiyo kwa mtu ambaye hana taifodi. Mgonjwa anapewa antibiotiki, anapata nafuu wiki moja, tumbo linarudi, anapewa nyingine. Ukishamaliza dozi ya tatu ya dawa ya amiba bila amiba kuonekana kwenye kipimo cha choo, ni halali yako kumuuliza daktari swali jingine.

Upande wa pili nao usisahaulike. Maambukizi ya tumbo yenyewe huweza kuacha IBS nyuma yake: karibu mtu 1 kati ya 10 waliougua kuhara kwa vijidudu hubaki na matumbo yanayochokozeka hata vijidudu vikishaondoka. Hivyo mtu anaweza kuwa aliugua kweli mwaka juzi na leo hana mdudu wowote.

Dalili zipi zinasema hii huenda si IBS?

Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami. Kukonda bila kukusudia. Homa, au kutokwa na jasho jingi usiku. Kuhara au maumivu yanayokuamsha usingizini. Upungufu wa damu. Uvimbe unaoushika kwa mkono tumboni. Shida iliyoanza ukiwa umepita miaka 45 au 50 na hukuwa nayo kabla. Ndugu wa karibu aliyeugua saratani ya utumbo.

Ukiwa na mojawapo ya hizi, usianze kubadilisha chakula, nenda hospitali. Anayeishi au kufanya kazi kandokando ya Ziwa Viktoria, Ziwa Albert au mto Nile ataje hivyo kwa daktari, kwa kuwa kichocho cha tumbo huleta damu na maumivu, na dawa yake ipo. Kifua kikuu nacho huweza kushika utumbo.

IBS inaweza kugeuka saratani?

Hapana. Inachosha na inaaibisha, lakini haili utumbo.

## Nyuzinyuzi

Nyuzinyuzi ni nini?

Ni zile sehemu za mimea ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzisaga: maganda, kuta za chembe za mmea, utomvu wa mbegu. Wengine huziita makapimlo. Zinafika utumbo mpana zikiwa bado nzima, na huko ama zinaliwa na bakteria ama zinatoka kama zilivyo.

Tofauti mbili ndizo za kukumbuka. Ya kwanza: zipo zinazoyeyuka majini na kufanya uteute, kama za bamia, shayiri, chungwa, karoti na mbegu za chia, na zipo zisizoyeyuka, kama pumba za ngano, ganda la mahindi na nyuzi za mabua. Ya pili: zipo zinazochachushwa haraka na bakteria na kutoa gesi nyingi kwa muda mfupi, na zipo zinazochachushwa polepole. Mwenye IBS kwa kawaida hupatana na zile zinazoyeyuka na kuchachuka polepole.

Kwa nini daktari mmoja aseme "kula nyuzinyuzi" na mwingine aseme "punguza"?

Kwa sababu neno ni moja na vitu ni vingi, na kisa chake kinapita hapa hapa Kampala.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuja Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira kisha Mulago. Ulimwengu unamjua zaidi kwa uvimbe wa taya za watoto alioueleza mwaka 1958, ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Lakini yeye na mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, walitazama jambo jingine pia: wagonjwa wa vijijini walikuwa nadra kuugua kufunga choo, bawasiri, kidole tumbo na magonjwa mengine ya utumbo mpana yaliyojaa hospitali za Uingereza. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vya choo. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa kama siku moja na nusu. Mabaharia wa Uingereza walitoa kama gramu 100, na safari ya chakula chao ilipita siku tatu. Tofauti aliiona kwenye sahani: huku chakula cha mimea kisichokobolewa, kule mkate mweupe na sukari.

Hoja hiyo ilivuma, na kwa miaka mingi kila mwenye shida ya tumbo aliandikiwa pumba za ngano, mwenye IBS akiwemo. Mwaka 1994 madaktari wa Manchester wakawauliza wagonjwa wao 100 wa IBS pumba zimewafanyia nini. Waliosema zimewazidishia walikuwa asilimia 55. Waliosaidika, asilimia 10 tu.

Kwa hiyo madaktari wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Mwili kwa jumla unahitaji nyuzinyuzi, na Burkitt hakukosea kwa mtu mwenye tumbo zima. Tumbo lenye IBS linachagua: pumba na maganda makavu hulikwaruza, nyuzinyuzi za uteute hulituliza. Mwongozo wa madaktari wa tumbo wa Marekani wa mwaka 2021 unasema hivyo hivyo: zinazoyeyuka ndizo za kupendekeza kwa IBS, zisizoyeyuka hapana.

Nile kiasi gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 25 au zaidi kwa mtu mzima. Kwa kukisia: gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zina kati ya gramu 6 na 9, parachichi gramu 100 kama 6 au 7, mapera kama 5, karanga kama 8, viazi vitamu kama 3, papai chini ya 2, wali mweupe chini ya 1.

Ila usizikimbilie zote wiki moja. Ukiongeza ghafla, bakteria wanapata karamu na wewe unapata gesi. Ongeza kitu kimoja, kidogo, kaa nacho siku kadhaa, ndipo uongeze kingine. Na maji yafuate. Nyuzinyuzi bila maji kwa mtu aliyefunga choo ni kumzidishia mzigo.

Unga wa isabgoli unaouzwa kwenye maduka ya dawa unafaa?

Ndiyo, na kati ya vyote vinavyouzwa kwa jina la nyuzinyuzi, huu ndio wenye ushahidi mzuri zaidi kwa IBS. Ni maganda ya mbegu za mmea fulani wa Asia. Yanavuta maji, yanafanya uteute, na hayatoi gesi nyingi. Hulainisha choo kigumu, na pia huweza kukishikanisha kile chepesi mno.

Anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku katika bilauri nzima ya maji, unywe mara moja kabla hakijaganda, kisha ongeza maji mengine. Kukimeza kikavu ni hatari, kinaweza kukukaba. Dawa zako nyingine ziache mbali nacho kwa kama saa mbili. Anayepata shida kumeza, au aliyewahi kuziba utumbo, asikitumie bila daktari.

Asiye na pesa za isabgoli ajaribu kijiko cha chia iliyolowekwa mpaka ifanye uteute, au bamia.

Posho nyeupe au ya unga usiokobolewa?

Posho nyeupe, ile namba moja, ina nyuzinyuzi kidogo kwa sababu ganda na kiini vimeondolewa. Kwa lishe ni hasara. Kwa tumbo lililowaka ni pumziko. Wakati wa maumivu kula nyeupe. Ukitulia, changanya taratibu na unga usiokobolewa, au hamia kwenye ulezi: kalo la ulezi, au atap kama wanavyoiita Teso, humpa mtu nyuzinyuzi bila vurugu ya ngano. Mahindi, mchele, ulezi na mtama zote ni nafaka zenye kidogo tu ya zile sukari zinazochachuka haraka tumboni (maelezo yako kwenye swali la FODMAP).

## Sahani ya hapa

Matoke yananifunga choo. Niyaache?

Matoke ni ndizi mbichi, na wanga wake kwa sehemu haumeng'enywi upesi. Kwa wenye kuhara hilo ni jambo jema. Nchini Bangladesh ndizi mbichi zilizopikwa zilijaribiwa kwa watoto wenye kuhara kwa muda mrefu na zikasaidia. Kwa mwenye kufunga choo, sahani ya mlima wa matoke bila mboga wala maji ndiyo kosa. Punguza mlima, weka dodo (mchicha) au nakati pembeni, malizia na papai.

Mara nyingi matoke yanalaumiwa kwa kosa la mchuzi. Katogo ya matumbo ya ng'ombe, yenye mafuta na vitunguu vingi, ikikuharibia asubuhi, usiisingizie ndizi. Jaribu matoke yale yale na mchuzi wa karanga usio na kitunguu, uone.

Maharagwe je? Ndiyo chakula changu cha kila siku.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote Uganda, kwa sababu maharagwe ni protini ya bei nafuu na hakuna wa kumwambia mtu ale samaki kila siku. Yana sukari fulani ambazo binadamu yeyote hana kimeng'enya cha kuzivunja. Zinafika utumbo mpana zote, na bakteria wanazigeuza gesi. Hata mwenye tumbo zima hujamba. Mwenye IBS anaumia.

Sukari hizo zinayeyuka majini, na hapo ndipo pa kupigania. Loweka usiku kucha, mwaga maji, osha. Chemsha kwa maji mapya, yakichemka vizuri kwa muda mwaga tena, ongeza mengine, pika hadi yawe laini kabisa. Ndiyo, unapoteza kuni au mkaa kidogo na baadhi ya vitamini. Kwa tumbo lako ni biashara nzuri. Usikatize mchemko: maharagwe mekundu yasiyochemka barabara kwa dakika 10 au zaidi yana sumu yake ya asili, inayoleta kutapika na kuhara.

Kisha kiasi. Vijiko vitatu vya maharagwe juu ya posho, pamoja na mukene au yai, vinaweza kupita salama ambapo bakuli zima lisingepita. Mchuzi wa maharagwe uache, humo ndimo sukari nyingi zimo. Karanga na simsim hazina shida hiyo kwa kiasi cha kawaida, ingawa mafuta yake mengi huwasumbua wengine.

Kikomando na rolex zinaniua. Kwa nini?

Kikomando ni chapati ya ngano, ambayo ina fruktani (sukari za ngano na kitunguu ambazo utumbo hauzinyonyi), ikakatwakatwa na kumwagiwa maharagwe, yenye sukari tulizozitaja sasa hivi, na mchuzi wa kitunguu juu. Ukitaka kubuni chakula cha kuichokoza IBS kwa shilingi chache, huwezi kushinda hapo. Rolex ina nafuu: mwambie mpishi asitie kitunguu, chapati iwe moja, mayai mawili, nyanya na kabichi kidogo. Wapishi wa barabarani wamezoea maombi ya ajabu kuliko hilo.

Chapati moja peke yake huenda isikudhuru kabisa. Kinachoumiza ni mrundikano wa siku: mkate asubuhi, chapati mchana, mandazi jioni.

Kitunguu ni lazima nikiache? Mchuzi utakuwa na ladha gani?

Kitunguu maji na kitunguu saumu ndivyo vichokozi vinavyopatikana mara nyingi zaidi, na vimo katika kila sufuria. Lakini fruktani zake huyeyuka majini, haziyeyuki kwenye mafuta. Kaanga punje za kitunguu saumu katika mafuta mpaka yanukie, zitoe zote, endelea na mapishi: ladha imebaki, fruktani imetupwa. Hila hii haifanyi kazi ndani ya mchuzi, kwa kuwa fruktani zimeshaingia majini; kuvitoa vipande mwishoni hakusaidii.

Majani mabichi ya vitunguu vya majani yanafaa, ile sehemu nyeupe ya chini hapana. Tangawizi, dania, nyanya, bizari na ndimu hubeba mchuzi vizuri. Soma pakiti za viungo vya unga: nyingi zina unga wa kitunguu ndani yake.

Maziwa na chai ya maziwa?

Watu wazima wengi hawana kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja laktosi, sukari ya maziwa. Jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki kwa kiasi kikubwa wanacho, kwa kurithi. Hivyo mwenzako kutoka Ankole anaweza kunywa kibuyu na kuondoka, wewe ukakimbia chooni.

Acha maziwa kwa wiki mbili, kisha yarudishe. Jibu utalipata mwenyewe bila hospitali. Bongo (maziwa ya mgando) ina laktosi pungufu kwa sababu bakteria wameshaila sehemu yake, na samli haina karibu kabisa. Ukiacha maziwa, mukene wanaoliwa na miiba yao watakupa kalsiamu.

Muhogo, viazi vitamu, viazi mviringo?

Viazi mviringo havina neno. Muhogo na viazi vitamu kula kwa kiasi, kipande kimoja au viwili, si sahani nzima.

Mboga gani ni salama?

Dodo, sukuma wiki, karoti, biringanya na matango huwa hazina ugomvi. Kabichi kidogo, iliyopikwa. Mboga iliyopikwa hadi ikalainika huvumilika kuliko kachumbari, na kachumbari ya kwetu isitoshe nusu yake ni kitunguu.

Na matunda?

Papai, nanasi, machungwa na pasheni hukubalika na wengi. Embe na tikiti maji vina sukari ya matunda kupita kiasi cha utumbo kunyonya, na msimu wa embe ndio msimu wa malalamiko. Ndizi mbivu ngumu kidogo ni bora kuliko bogoya iliyojaa madoa meusi, kwani fruktani huongezeka kadiri inavyoiva. Parachichi anza na kipande chembamba.

Mwongozo wa Uingereza kwa wagonjwa wa IBS huweka kikomo cha mafungu 3 ya matunda kwa siku, kila fungu kama gramu 80. Glasi kubwa ya juisi ni matunda manne au matano kwa mkupuo mmoja, na nyuzinyuzi zake zimebaki kwenye chujio.

Kiporo kinaongeza gesi?

Kwa wengine ndiyo. Posho, wali, viazi na matoke vikipoa, sehemu ya wanga hugeuka kuwa sugu na kufika kwa bakteria wa utumbo mpana. Hata ukipasha moto, haurudi wote. Hakudhuru mwili, ila ukiona tumbo la asubuhi baada ya kiporo ni baya, pika kinachotosha.

Pilipili, kahawa, soda, pombe?

Vyote vinaweza kuchokoza, kila kimoja kwa njia yake. Chai na kahawa visizidi vikombe 3 kwa siku. Soda inakupa gesi iliyo tayari. Malwa na waragi havina utetezi wowote hapa.

## FODMAP na namna ya kujipima

FODMAP ni nini, na nianze lini?

Ni jina la kundi la sukari fupi ambazo hazinyonywi vizuri: fruktani za ngano na kitunguu, sukari za maharagwe, laktosi, sukari ya matunda ikizidi, na sukari-kileo kama sobitoli. Zinavuta maji kwenye utumbo mwembamba, na zikifika utumbo mpana zinachachuka haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne, Australia, ndio waliojenga mlo wa kuzipunguza, na katika majaribio zaidi ya nusu ya wagonjwa walipata nafuu.

Lakini usianzie hapo. Anza na yale mepesi kwa mwezi mmoja: kula kwa saa zinazojulikana, usiruke mlo halafu ukajaze usiku, tafuna, punguza mafuta, kitunguu na chapati, kunywa maji, tembea. Wengi huishia hapo, wakiwa wamepona vya kutosha.

Nikiamua kuufuata, unakwendaje?

Una hatua tatu. Kwanza unapunguza vyakula vyote vya kundi hilo kwa wiki 2 hadi 6. Usipopata nafuu yoyote ndani ya muda huo, uache. Shida yako iko kwingine. Pili unarudisha kimoja kimoja: leo kipande cha chapati, kesho chapati nusu, kesho kutwa nzima, kisha unapumzika siku mbili tatu kabla ya kujaribu laktosi au maharagwe. Tatu unabaki na mlo wako mwenyewe, ukiwa umeacha vile tu vilivyokuumiza.

Kosa linaloonekana kila mahali ni mtu kukwama hatua ya kwanza. Anapata nafuu, anaogopa kurudisha chochote, na baada ya mwaka anaishi kwa wali na yai. Bakteria wazuri wanakosa chakula, mtu anakonda, na hata hajui kama maharagwe yalikuwa na hatia. Pata mtaalamu wa lishe. Hospitali kubwa zinao.

Nikiacha ngano nikapona, basi nina ugonjwa wa seliaki?

Si lazima. Seliaki ni kinga ya mwili kuushambulia utumbo kwa sababu ya ngano. Wengi wanapona kwa sababu ya kupunguza fruktani. Ukitaka kupimwa seliaki, pimwa kabla ya kuacha ngano, kwani kipimo hutegemea uwe unaila.

## Hali za pekee

Nafunga Ramadhani. Tumbo huharibika jioni.

Mfungo wenyewe mara nyingi hauna shida. Futari ndiyo yenye shida. Tumbo lililokaa kimya mchana kutwa linapokea kwa nusu saa tende, sambusa, maharagwe ya nazi, juisi ya embe na chai ya maziwa. Fungua kwa maji na tende moja au mbili (zikizidi, nazo ni fruktani), nenda kaswali, kisha kula sahani ndogo. Rudi tena baada ya taraweki. Daku iwe uji wa ulezi au wa oti (oats) na yai, maji mengi. Unayehara mpaka unaishiwa maji, ruhusa ya mgonjwa ipo. Zungumza na daktari wako na sheikh wako.

Mwanangu yuko shule ya bweni, posho na maharagwe mchana na usiku.

Mtoto apimwe kwanza, asiwekwe kwenye mlo wa FODMAP nyumbani. Kwa shule, barua ya daktari husaidia kuliko malalamiko ya mzazi. Omba apunguziwe maharagwe na aruhusiwe kuwa na karanga za kusaga au mukene wa kukaanga. Na uliza kuhusu vyoo. Mtoto anayejizuia wiki nzima kwa sababu choo hakina mlango atafunga choo hata ukimlisha mapapai.

Nina mimba, au kisukari, au natumia dawa za VVU. Ushauri ni ule ule?

Hapana. Metformini ya kisukari na baadhi ya dawa za VVU huharisha. Vidonge vya madini ya chuma vya wajawazito hufunga choo. Usiache dawa, mwambie aliyekuandikia. Mlo wa kuondoa vyakula haufai kwa mjamzito, wala kwa mtu aliyekonda, bila mtaalamu kusimamia.

Dawa za "kusafisha tumbo" zinazouzwa kwenye magari na redioni?

Nyingi ni za kuharisha kwa nguvu. Utatoka choo kingi, utajiona mwepesi siku mbili, halafu matumbo yale yale yanarudi yakiwa yamekasirika zaidi. Hakuna uchafu uliogandamana ndani unaosubiri kusuguliwa.

Nasafiri kwa basi Kampala hadi Arua na naogopa njiani.

Usiku wa kuamkia safari kula wali au posho na samaki, bila maharagwe. Asubuhi amka mapema kuliko kawaida, kunywa kitu cha moto, upe utumbo nafasi ya kufanya kazi yake nyumbani. Njiani kuku wa kuchoma ni rafiki kuliko chapati, ila uliza kama amepakwa unga wa viungo. Mwenye aina ya kuhara anaweza kumuuliza mfamasia kuhusu loperamaidi, dawa ya kuzuia kuhara, kwa siku kama hiyo. Mwenye damu au homa asiiguse.

Kwa wakwe nimepakuliwa luwombo, maharagwe na chapati, na kukataa ni utovu wa adabu.

Mwambie mtu mmoja mapema, shemeji au wifi, wala usitangaze mezani. Kula luwombo na matoke kwa shangwe, sifia mchuzi, chukua maharagwe kijiko kimoja. Mpishi huangalia kama sahani imerudi tupu. Usiache nafasi ya kuongezewa: endelea kushikilia sahani ikiwa na kipande cha mwisho mpaka wenzako wamalize.